Simu ya laki tatu kasoro inalipwa laki tano na ushee, halafu tunamlaumu Apple

Wakuu habari za huko. Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, iPhone imefumuliwa kipande kipande na kila kipande kimeandikiwa bei yake, chini wameweka gharama ya kutengeneza dola 370, bei ya dukani dola 999. Mtu akiituma tu utasikia tunapigwa, hawa jamaa wezi, ubepari huu utatumaliza. Mimi naishi Texas, nafanya kazi kwenye ghala la simu used, simu ndio zinanilisha, kwa hiyo nimeona leo niseme langu maana naona tunalia msiba wa jirani wakati kwetu kuna tanga.

Hiyo namba sio ya uongo ila ni ya kizamani. Ni iPhone X ya 2017, kampuni ya IHS Markit waliifungua wakahesabu vipande wakapata dola 370 na senti 25, kioo peke yake dola 110. Lakini vipande sio simu jamani. Kuna wahandisi, kuna programu ndani yake, kuna matangazo, maduka, usafirishaji, waranti ya mtu anayeidumbukiza chooni halafu anasema ilijizima yenyewe. Tim Cook mwenyewe 2015 aliwaambia wawekezaji kwamba hajawahi kuona hesabu hata moja ya namna hiyo iliyokaribia ukweli, na sawa, yeye ana sababu zake za kusema hivyo, ila ukisoma ripoti yao ya mwaka wa fedha 2024 unaona kwenye kila dola 100 ya vifaa walivyouza walibakiwa na kama 37 baada ya kutoa gharama za kuvitengeneza, na hapo bado hujatoa hela ya utafiti ambayo mwaka huo ilipita dola bilioni 31. Ni faida nene, sibishi. Ila sio ile 629 ya kwenye picha.

Wanaopunjwa kweli kwenye iPhone ni wengine kabisa. Kuna watafiti waliopiga hesabu ya iPhone 4 ya 2010 wakakuta malipo ya wafanyakazi wote wa China hayafiki asilimia 2 ya bei ya dukani, Apple wenyewe wakabaki na zaidi ya nusu. Na ukishuka chini zaidi unafika Kolwezi nchini Congo, kule Katanga ya zamani, wachimbaji wadogo wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe (na dagaa wetu wa Mwanza wanaliwa huko huko), wanachimba kobalti, madini yanayowekwa kwenye betri. Kwenye betri ya simu zinaingia gramu chache tu, hata ukizipigia bei ile ya juu kabisa ya 2018 haifiki dola moja, sasa fikiria yeye aliyeingia shimoni anabaki na senti ngapi baada ya dalali na dalali wa dalali. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima na bado Februari 2025 ilibidi wasimamishe kuuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya. Hao ndio wa kuwalilia.

Ila sisi wanunuzi wa kawaida, tuseme ukweli, wangapi tunanunua iPhone mpya ya dukani? Simu iliyojaa mtaani ni Tecno, Infinix, itel, na zote tatu ni za mwenyewe mmoja, Transsion ya Shenzhen. Hawa wako kwenye soko la hisa la Shanghai tangu 2019 kwa hiyo hesabu zao ziko wazi, mwaka 2023 waliuza yuan bilioni 62 na kidogo, faida halisi ikawa bilioni 5 na nusu, yaani hata senti 10 kwenye kila shilingi hazifiki. Mtengenezaji huyu hatuwezi kumlaumu sana. Anauza kwa faida nyembamba, ametuwekea laini mbili, betri ya kukaa na kamera inayomwona mtu mweusi gizani. Sasa mbona ikifika kwa mtumiaji inakuwa mzigo?

Kodi kwanza. Chukua Kenya maana hesabu yao iko wazi, Julai 2022 simu inayotoka nje iliwekewa ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 10, juu ya jumla hiyo VAT 16. Simu ya shilingi 100 bandarini inakuwa 125, halafu 137 na nusu, halafu 159 na nusu, na hapo sijaweka tozo ndogo ndogo wala faida ya duka. Wanasema ni kulinda viwanda vya ndani na kweli mwaka 2023 kilifunguliwa kiwanda Athi River cha kuunganisha simu, zikatoka simu za Neon za shilingi 7,499 na 8,999 za Kenya, sio mbaya, japo vipande bado vinatoka China. Bongo sisi tulijaribu njia nyingine, bajeti ya 2021/22 wakasamehe VAT kwenye simu janja, mwaka uliofuata wakairudisha wakisema lengo halijafikiwa. Na mtaani nani aliiona bei ikishuka? Mimi nilikuwa nauliza watu Kariakoo kila wiki, bei ile ile, unafuu uliishia njiani kwa watu wanaojuana.

Huku Texas kodi ya mauzo haizidi asilimia 8 na robo, basi. Na Aprili 2025 Trump alipotangaza ule ushuru wake kwa dunia nzima, siku chache tu mbele wakazitoa simu kwenye orodha, ule mwingine wa asilimia 20 kwa China ukabaki lakini mzigo mkubwa uliondoka. Sisemi ni watu wema, nasema mnunuzi wa simu huku ana wakili, hata kama wakili wenyewe ni Apple.

Lakini kodi nayo sio kubwa kuliko yote. Kubwa ni mkopo, na hapa ndipo nimekaa na hasira.

Mdogo wangu yuko Mwanza anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Biashara yake yote iko kwenye simu, anapiga picha dagaa wakiwa juani, anarusha status, mteja wa Dar au Dodoma anatuma hela, gunia linapanda basi. Kiswaswadu, simu ya vitufe, hakifai kwa kazi hiyo. Simu yake ilipokufa akaenda dukani, simu aliyoitaka kesh ilikuwa 285,000, hana, yule binti wa dukani akamwambia dada mbona rahisi tu, toa kianzio elfu 60 uondoke nayo, kila siku unalipa 1,300, hiyo si hela ya soda mbili tu? Mwaka mmoja. Akachukua.

Piga hesabu sasa. 1,300 mara siku 365 ni 474,500, ongeza kianzio inakuwa 534,500. Yaani amekopeshwa 225,000 anarudisha 474,500, zaidi ya mara mbili, kwa mwaka. Nilipompigia nikamwambia akajibu, "Kaka, mimi niliulizwa kama elfu moja mia tatu naiweza, sikuulizwa kama laki tano naiweza." Na ana haki, maana kwenye bango lote la duka hiyo laki tano haipo popote, kuna kianzio kwa maandishi makubwa mekundu na malipo ya siku, kwisha.

Halafu kuna hili la siku. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, mwezi ukijaa taa haina kazi, mitumbwi inapaki na Mwaloni panapoa, hiyo ni zaidi ya wiki nzima kila mwezi na kila mtu wa ziwani anajua. Mvua nayo ikinyesha dagaa hawakauki. Ila ile simu haijui mbalamwezi wala masika, usipolipa leo kesho asubuhi unaamka kioo kimejifunga, kuna maandishi tu ya lipa deni lako, WhatsApp haifunguki, wateja wanaona tiki moja wanadhani amewatapeli. Kifaa cha kumtafutia hela ya kulipia kinazimwa kwa sababu hajalipa. Hapo sijui nani aliyekaa ofisini akaona hii ni akili. Mwezi mpevu mmoja ilibidi nimtumie mimi hela kutoka huku ili simu ifunguke apokee oda, na nina uhakika sio mimi peke yangu, tafuta diaspora yeyote muulize.

Sasa njoo huku. Mtu anaingia duka la mtandao wa simu, anataka simu ya dola 800, wanaangalia historia yake ya mikopo dakika tano, anatoka nayo kwa miezi 36, dola 22 na senti 22 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe, ni dola 800 ile ile, riba sifuri. Wanakula wapi? Kwenye kifurushi cha kila mwezi ambacho lazima ubaki nacho, na sio bei ndogo, kwa hiyo msidhani ni sadaka. Ukichelewa kuna faini na jina lako linachafuka, ukigoma kabisa hiyo simu inawekwa kwenye orodha nyeusi, haishiki tena mtandao. Naziona kila siku kazini, kazi yangu ni kuzipa simu gredi, unaiwasha simu, unaipiga taa ya pembeni mikwaruzo ionekane, unasoma afya ya betri, unaingiza IMEI (namba ya utambulisho wa simu), mashine inakwambia hii ya wizi, hii ina deni, weka pembeni. Zilizo safi zinabandikwa stika A au B au C, zinapigwa mnada kwa paleti, nyingi zinakwenda Hong Kong na Dubai, na mnazijua wenyewe zikifika Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi zinaitwaje. Ila kumfungia mtu simu kwa sababu ya kuchelewa siku moja, hiyo huku sijaiona.

Na mnyonge wa huku asiye na historia ya mkopo, kama nilivyokuwa mimi nilipofika, anaenda supamaketi anachukua simu ya prepedi, Motorola au Samsung ya chini, dola 40 au 50, imefungwa kwenye mtandao mmoja kwa sababu mtandao umeshailipia sehemu ya bei ili uwe mteja wao. Kwa mshahara wa ghalani ni masaa matatu ya kazi. (Ndio maana mkisema huko simu ni bure nitumie moja, nakwepa, hizi zilizofungwa ukiweka laini ya Bongo inakutolea macho tu.) Kwa hiyo tajiri wa huku analipa bei ya dukani kwa miaka mitatu, maskini wa huku analipa chini ya bei, na muuza dagaa wa Kirumba analipa karibu mara mbili ya bei kwa simu ya daraja lile lile la huyo maskini. Niambieni nani anapigwa.

Najua mtakachosema, wakopeshaji nao wana hatari zao. Kweli. Wanakopa dola wanakopesha shilingi, kuna watu wanachukua simu asubuhi jioni imeshauzwa, kuna mafundi wanafungua kufuli kwa elfu thelathini, na benki yenye jengo la ghorofa kumi haikuwahi kumkopesha mdogo wangu hata elfu kumi. Bila hawa angebaki na kiswaswadu. Nakubali yote hayo, na bado sielewi kwa nini jumla ya deni isiandikwe. Marekani sheria ya kumlazimisha mkopeshaji aseme riba na gharama yote kabla hujasaini ipo tangu 1968, na hawa sio nchi ya kijamaa. Kwetu Benki Kuu Novemba 2024 ilianika majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, inaonekana wakitaka wanaweza, basi waje na kwenye simu, bango liseme kesh 285,000, mkopo 534,500, kwa maandishi ya ukubwa ule ule na wekundu ule ule. Na mtu alipe kwa wiki au kwa mwezi kulingana na kazi yake, mkulima wa pamba na muuza dagaa sio mtu wa mshahara.

Wanawake wa pale Mwaloni wameshaacha kusubiri mtu. Kikoba chao sasa kinanunua simu kesh, mwanachama anarudisha ndani ya miezi minne, wiki za mbalamwezi hazihesabiwi, riba ni elfu kumi kwa kila laki moja na hiyo riba wanagawana wenyewe Desemba. Mdogo wangu bado ana deni lake la dukani mpaka mwezi wa nane, akimaliza tu ameshaandikisha jina kwa ajili ya simu ya mwanae anayeanza kidato cha tano, na amesema safari hii anataka yenye kamera nzuri zaidi, mimi nichangie nusu.