Mrudishe mbuzi

Mpwa wangu yuko darasa la nne, na akifungua daftari la hisabati anatafuta kifutio kabla ya kalamu. Jumapili iliyopita nikamketisha sakafuni. Ndala ikawa mtumbwi, kizibo cha soda kikawa chui, punje ya hindi mbuzi, jani la mwembe likawa majani. Mstari wa chaki ndio mto.

Chemsha bongo yenyewe mnaijua. (Hata Ulaya wanayo, ya mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, iko kwenye maandishi ya Kilatini ya karne ya 9.) Mtu avushe vyote vitatu, mtumbwi ubebe kimoja kimoja. Ukiwaacha chui na mbuzi, mbuzi kaliwa. Ukimwacha mbuzi na majani, majani yamekwisha.

Akamvusha mbuzi, akarudi mtupu, akampeleka chui. Akaganda. "Mjomba, hii haiwezekani." Nikanyamaza, na kunyamaza huko si kazi rahisi. Akaanza upya, sasa na majani, akaganda palepale. Mara ya nne hivi, vidole vikampandisha mbuzi kwenye ndala kurudi alikotoka. Akaniangalia kama aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari.

"Inaruhusiwa?"

Swali hilo lilinichoma. Nani alimwambia kuwa ukishavuka huruhusiwi kurudi? Nadhani ni daftari. Humo kila hatua iliyofutwa inaacha doa, na doa linaonekana na mwalimu. Ndala haitunzi doa. Ndiyo maana naona vizibo na punje vinastahili kukaa ndani ya kipindi cha hisabati, siyo kusubiri Ijumaa jioni kama zawadi ya waliomaliza kazi. Najua mwalimu mwenye watoto themanini atanicheka. Fumbo hili moja lilitula karibu dakika arobaini. Lakini vizibo havinunuliwi, na makundi ya watoto wanne wanne hayahitaji mwalimu akae juu ya kila kundi.

Alipofika safari ya saba nikamuuliza kama kuna njia nyingine. Akaipata: baada ya mbuzi, yatangulie majani badala ya chui. Saba tena. Ndipo akaiandika, bila kifutio.

Usiku, wakati wa kula, akaniletea la kwake: "Na kama chui anakula majani pia?" Kabla sijameza tonge akajijibu. "Haiwezekani, Mjomba. Umchukue yeyote, wanaobaki wanalana. Hata safari ya kwanza huondoki."