Mtu wa reli kule preri: familia ilipata hela, baba je?

Stori za preri, yani zile nyanda za majani za Nebraska, Kansas na Dakota kule Marekani, karibu zote ni za mkulima na eka zake 160 za sheria ya 1862 iliyogawa ardhi kwa walowezi. Mtu wa reli akitajwa utasikia alikua mtumwa wa kampuni, yameisha. Mi naona hiyo ni nusu ya habari.

Chukua 1874. Nzige walishuka Kansas na Nebraska wakala mahindi, wakafukua hadi vitunguu, mkulima akabaki anaangalia mashimo. Jirani yake wa genge la reli, yani kundi la kutunza njia ya treni, analipwa dola moja na ushei kwa siku, ndogo ndio, ila nzige hawali mshahara. Mabosi ndo wanaula, maana walipoukata wakaukata tena ule mgomo mkubwa wa reli wa 1877 ukalipuka.

Halafu watu wanachanganya watu wawili tofauti kabisa. Kuna wa genge, huyu asubuhi anapanda kiberenge cha kusukuma kwa mikono anakagua kipande chake cha maili chache, anakaza bolti, anashindilia kokoto chini ya mataruma, anachoma majani pembeni ya njia ili cheche za treni zisije zikawasha moto, jioni yuko nyumbani anakula na wanae. Nyumba ni kota ya kampuni, mara nyingi mke wa msimamizi ndo anawapikia vijana wa genge wanaopanga humohumo, kazi ambayo hakuna anayeihesabu kama kazi ya reli. Ubaya ni kwamba ukifukuzwa kazi unafukuzwa na nyumba, wakati mkulima hata akifilisika ana muda wa kubishana na benki. Na dhoruba ya theluji kama ile ya Januari 12, 1888, iliyowakuta watoto wako shule, ikitulia genge ndo linaitwa na makoleo.

Wa pili ni wa kwenye treni, hapo ndo nakubaliana na wanaolalamika. Mtu wa breki alikua anasimama katikati ya mabehewa mawili, anaelekeza kiungo kwa mkono, anadumbukiza pini, akichelewa kidogo vidole vimebaki hapo. Sheria ya kuunganisha mabehewa yenyewe kwa yenyewe ilikuja 1893, na kikomo cha saa 16 kazini mpaka 1907! Huyu analipwa vizuri kuliko wa genge, watoto wanavaa viatu, ila baba mwenyewe wanamuona akiwa amelala.

Kwa hiyo mwenye familia ningemshauri genge, hela kidogo na chakula cha jioni. Najua wengi watabisha, na kwa mwenye watoto saba pengine wako sahihi.

Na msidhani ni ya zamani. North Platte, Nebraska, kuna yadi ya treni kubwa kuliko zote duniani, na 2022 wafanyakazi wa reli Marekani walitaka kugoma. Ofa ilikua na nyongeza ya asilimia 24 kwa miaka mitano, wao wanalilia siku za kuumwa zenye malipo. Bunge likawalazimisha mkataba, Biden akasaini Desemba 2, siku saba walizoomba zikakwama Seneti. Walichoongezewa ni siku moja tu ya mapumziko, hizo za kuumwa kampuni zikaanza kuzitoa kidogokidogo 2023.