Nilikuwa nimevaa

Kwanza kabisa: nilikuwa nimevaa. Msuli, fulana na kandambili. Huyo jamaa yangu anayetangaza kwenye magrupu kwamba nimekamatwa alfajiri chini ya mti wa mkungu nikiwa kama nilivyozaliwa, hakuwepo. Alikuwa kwao anakoroma. Aliyekuwepo ni mimi, kwa bahati mbaya.

Kadinali wangu kumi na wawili mnawajua. Kwa wageni: ni visamaki vya urefu wa nusu kidole, ubavuni wana mstari wa bluu unaowaka, na chini yake wekundu kutoka kichwani hadi mkiani. (Wale wenye wekundu nusu ni neoni, msinichanganyie.) Kwao ni mto Rio Negro, Brazili, kwenye maji yaliyokolea kama chai ya rangi kwa ajili ya majani yanayooza humo. Sasa mtu wa Tanga akitaka maji ya namna hiyo kwenye tangi lake la sebuleni anakinga ya mvua, anatia majani makavu ya mkungu, basi. Wazungu majani hayohayo wanauziwa kwa kuhesabiwa. Sisi tunayachoma.

Na shida ndiyo hiyo, yanachomwa. Mkungu wa maana mtaani kwetu ni wa Bibi, nyumba ya tatu, na wajukuu zake wakiamka tu wanafagia na kuwasha moto. Ukitaka jani lililodondoka lenyewe, zima, jekundu, uwawahi. Mnauliza kwa nini sikuomba. Hebu wewe, mwanaume mzima na ndevu zako, kamwambie bibi wa Kitanga kuwa unafuga samaki usiowala.

Haya. Saa kumi na moja alfajiri. Twende taratibu, maana hapa hata nikilala napaona.

Simu nimeibana kwa meno, tochi inawaka, mwanga unanipiga usoni kutokea kidevuni. Mkono wa kushoto kiroba. Wa kulia jani, nimelipeleka puani, kwa sababu jani linalonuka mafuta ya taa huwezi kulitia kwa samaki. Na ninahesabu. Kwa sauti. Na simu mdomoni. "Haha… hahe… hiha…"

Mlango ukalia kwiii.

Bibi katoka na birika lake, anakwenda kutia udhu. Akasimama. Nami nikasimama, jani bado puani. Tukatazamana. Nikajiambia mwenye adabu hasingiziwi, wacha nimwamkie.

"Hikahoo, Hihi."

Birika likadondoka.

Tangu nihamie mtaa ule sijawahi kunyimwa marahaba. Siku hiyo marahaba yangu ilikuwa "MWANGAAA!" Nikainua mikono yote miwili kuonyesha sina kitu, majani kumi na matatu yakanimwagikia kichwani, na hapo, sawa, nakiri, msuli ukalegea. Ulilegea! Ndani nilikuwa na bukta. Ndipo jamaa alipookota uchi wake.

Balozi wa nyumba kumi akafika, na mtaa wote nyuma yake.

"Kijana, majani ya nini?"

"Ya samaki, mzee."

"Samaki wako wanakula majani?"

"Hapana mzee. Wanayaogelea."

(Wewe uliyeandika "pole mganga" kwenye grupu, nimekuona.)

Nikaona dawa ni kuwapeleka nyumbani wajionee. Njia nzima nawasifia: bluu inawaka, mzee, utafikiri taa ya harusi. Kitu kimoja nikasahau, nacho kila mfugaji anakijua. Gizani kadinali anazima rangi. Usiku kucha ni mweupe-mweupe, kama mzimu wa dagaa.

Balozi akainama kwenye tangi. Maji meusi. Majani yamelala chini. Vivuli kumi na viwili vimetulia, vinamtazama.

"Wa bluu wako wapi?"

"Wanawaka sasa hivi, mzee, tuwape dakika."

Nikawasha taa. Jamani, hivi kweli nilisema "wanawaka"? Mbele ya watu wanaonishuku uchawi? Na wakawaka kweli. Mmoja akaanza, mstari mwembamba wa bluu ukajichora wenyewe. Wa pili. Wa tano. Kisha wekundu ukaanza kupanda, polepole, kama damu kwenye pamba. Sebule kimya. Nyuma yangu mtu akasema, "Astaghfirullah," na nilipogeuka Bibi alikuwa keshafika barabarani.

Birika nimelinunua jipya, radhi nimeomba, balozi amecheka mpaka akakaa chini. Yameisha. Jana asubuhi nimekuta fungu la majani ya mkungu getini, yamefungwa vizuri kwa uzi. Aliyeyaleta sikumwona, ila kandambili yake moja ameiacha kwa mbio.

Na usiku, saa nne, kaja mama mmoja kajifunika ushungi mpaka puani. Anauliza wale samaki wanatazamia kwa shilingi ngapi.