Mama mkwe alivuka, mimi nikabaki kwenye waya

Nyie ambao hamjawahi kuning'inia juu ya msitu huku mama mkwe anawaangalia, kaeni hapo niwape hii.

Safari yenyewe ilikua ya Ssese, visiwani, tunatoka Busia na gari la kukodi mpaka Entebbe, kesho yake tupande MV Kalangala pale Nakiwogo, tukalale mchangani tule sato basi. Mama watoto akasema tumpitie mamake Njeru, naye ale likizo kidogo. Nikasema sawa, sasa ningesemaje? Ila mke wangu ni Muganda, na kwa Baganda mtu na mama mkwe wake hawagusani kabisa, mkigusana wazee wanasema mnapata obuko, mwili unaanza kutetemeka na hautulii tena. Kwa hiyo kutoka Njeru nimekaa mbele na dereva, shingo haigeuki hata nyuma kukianguka kitu, na yeye akitaka kitu anapitishia kwa binti yake, "mwambie mwenzio apunguze hiyo redio", na mimi niko hapo hapo nasikia kila kitu.

Najjembe wale wauza kuku wakatuvamia madirishani kama kawaida, nikanunua gonja za moto, zile ndizi za kuchoma, moja nikaiweka mfuko wa koti. Ikumbukeni hiyo gonja.

Sasa shemeji yangu, kijana wa simu, ndo akaleta balaa. Eti hapa msitu wa Mabira kuna ziplaini, kule Griffin Falls, unaingilia Lugazi, unafungwa mikanda unateleza kwenye waya kutoka mti mpaka mti, na meli si ni kesho, haraka ya nini. Nilitegemea mkwe atakataa. Mkwe akauliza bei tu.

Alivyovaa sasa! Gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ameipandisha akaifungia kiunoni, ndani suruali ya mazoezi ya mwanae, kofia ngumu juu ya kitambaa, na yale mabega ya gomesi yamesimama utadhani kunguru anataka kuruka. Kijana wa pale, mtu wa Arua, Kiswahili chake cha mtaani safi, akatueleza kazi yote: puli inakimbia kwa uzito wako mwenyewe, waya katikati umelegea kidogo kwa hiyo mwanzo unashuka halafu mwisho unapanda, ukikaribia mti unabana waya taratibu na glavu, nyuma ya puli, sio mbele, mbele utaacha vidole. Mkwe akatangulia. Vuuuu! Hakupiga hata kelele, akatua kule ng'ambo amesimama wima, anajipangusa.

Zamu yangu. Nina kilo 54 nikiwa na viatu, hilo halikuulizwa na mtu. Nikaachiwa, mwanzo mzuri kabisa, upepo una harufu ya molasi, majani yanapita chini ya miguu, nikapita katikati, nikaanza kupanda, puli ikaanza kulia polepole, ikazidi kua polepole, ikasimama, na mkwe namuona pale, karibu kiasi cha kusoma sura yake, halafu ile kitu ikaanza kurudi nyuma. Nimerudi mpaka katikati kabisa, waya ulipolegea, na kule kuzunguka kukaniacha nimempa mkwe mgongo. Kwa heshima yetu sisi ilikua afadhali.

"Jivute na mikono ssebo!" Nikajivuta, mikono ya mtu anayeuza nguo za watoto Busia, nafika hatua chache nateleza narudi. Basi nikatulia. Chini sioni ardhi, naona vichwa vya miti tu. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kuutetea msitu huu, kipande kisikatwe kipandwe miwa, na mimi niliwaunga mkono sana, ila pale juu nikawaza kwamba muwa haujafika urefu huu. Njaa nayo ikaja, ya woga ile. Nikatoa gonja nikaanza kula. Kwenye tawi la pembeni wametokea kima, wale wenye mkia mwekundu na doa jeupe puani, wanaangalia gonja, wananiangalia mimi, na kule nilikotoka namsikia mama watoto anarekodi video huku anacheka mpaka anakohoa, na ng'ambo kule sauti inasema Kiganda, "kumbe anakula?"

Yule wa Arua akanifuata, akajifunga na mimi, akanizungushia miguu kiunoni kwa nyuma, akaanza kuvuta waya mkono kwa mkono. Ndivyo wanavyookoa watu, hakuna njia ingine, ila kuletwa mbele ya mkwe ukiwa umekumbatiwa na miguu ya mwanaume na mdomo umejaa gonja, banange.

Na pale mtini ni mbao zimezunguka shina, upana wa kitanda cha hosteli. Mkwe akageukia shina akaficha uso, mimi nikajibana upande wa pili, buti langu likagusa pindo la gomesi. (Mama watoto baadae aliamua kitambaa hakihesabiki.) Yule kijana mila zetu hazijui, anatuangalia tu, halafu akasema kwa nia njema kabisa: "Muzee wewe ni mwepesi, waya inayofuata ni ndefu. Tukufunge pamoja na huyu mama, uzito utawatosha wote wawili."

Kimya.

"Katonda wange! Nifunge mimi! Nifunge sasa hivi niende!" Mkwe alishaanza kujivuta kwenye waya kabla klipu haijaingia, na alivyoachiwa hiyo spidi nadhani hata wao hawajaiona tena. Mimi waya zilizobaki zote nimebebwa na yule kijana.

Ssese tulifika kesho yake, samaki wazuri, kwenye meli mkwe alikaa mbele mimi nyuma, hiyo ni stori ingine. Ila toka hapo kila gari linalotoka Njeru kuja Busia lazima liniletee mkungu wa matoke, na dereva anashusha na ujumbe ule ule: mama amesema mkwe ale.