Kelele za nyumba ya pili zinatuhusu

Mwanamke anapigwa, kati yake na majirani ni ukuta mmoja tu. Kiti kinaanguka, mtoto analia, halafu kimya. Upande wa pili watu wanaongeza sauti ya televisheni. Asubuhi wanakutana naye mlangoni, jicho limevimba, wanasalimiana na kila mmoja anashika njia yake. "Mambo ya ndani hayo," wanasema, na kwa kusema hivyo wanajiona watu wenye adabu.

Mimi sioni adabu hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono, mara nyingi na mume au mpenzi wake. Jambo lenye ukubwa huo si siri ya nyumba moja. Linadumu kwa sababu sisi tunaosikia tumekubaliana, bila hata kikao, kufunika kombe.

Sidhani tunanyamaza kwa roho mbaya. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walieleza jaribio ambalo huwa nalikumbuka sana. Wanafunzi waliwekwa chumbani wajaze fomu, kisha moshi ukaanza kupenya ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Walioketi na watu wawili waliopangwa wasijali chochote, alitoka 1 tu kati ya 10. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakapunga moshi kwa mkono, wakaendelea na fomu zao! Kila mmoja aliangalia nyuso za wenzake, akaona zimetulia, akaamini hakuna hatari.

Lakini uchunguzi mwingine, wa picha za kamera za ugomvi 219 mitaani Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba katika visa 9 kati ya 10 kuna angalau mtu mmoja aliyeingilia, na watu walipokuwa wengi ndipo msaada ulipopatikana zaidi. Nadhani tofauti ni kwamba barabarani kila mtu anaona kuwa mwenzake ameona. Nyuma ya kuta hakuna anayejua nani kasikia. Ndiyo maana naamini wajibu wetu wa kwanza ni swali dogo kwa jirani mwingine: "Na wewe umesikia jana usiku?" Likishaulizwa, hakuna tena wa kujificha nyuma ya kutojua.

Simwambii mtu akavunje mlango wa watu. Kelele zikiendelea, piga simu polisi. Au, kama ni salama, gonga uulize kitu chochote, kwa maana mkono uliokwisha kuinuliwa unaweza kushuka mlango ukigongwa. Baadaye zungumza na mwanamke peke yake, kamwe si mbele ya mumewe. Usimlazimishe kuondoka siku hiyohiyo. Wakati wa kuondoka ndio huwa wa hatari kubwa, na yeye anamjua mume wake kuliko sisi. Mwambie tu kwamba umesikia, unamwamini, na mlango wako uko wazi saa yoyote.

Je, ukikosea? Utaona aibu, utaomba radhi, yataisha.

Kwa mtoto hali ni tofauti. Yeye hawezi kupanga safari ya kutoka wala kutunza namba ya simu ya kuomba msaada. Ukisikia mtoto anaumizwa, usisubiri akuombe. Toa taarifa siku hiyohiyo, hata kama anayemuumiza ni rafiki yako.