Mahindi yakizuiwa mpakani, nani analipa?

Mwishoni mwa Juni 2017, siku ya Idi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa mkoani Kilimanjaro, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya, akatangaza kwamba mahindi hayatoki tena nje ya nchi. Anayetaka kuuza nje asage kwanza, auze unga. Pumba zibaki hapa zilishe mifugo, na vijana wapate kazi mashineni.

Kwa mtu wa Manzese au Buguruni, jijini Dar es Salaam, tangazo lile lilikuwa jema. Mvua zilikuwa zimegoma mikoa mingi na bei ya sembe ilikuwa imepanda. Ng'ambo ya Namanga hali ilikuwa mbaya zaidi: Kenya ilikuwa inashusha mahindi ya Mexico bandarini Mombasa, na serikali yake imeweka ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 90 za huko. Jirani mwenye njaa hununua bila kubishana bei, na mahindi huifuata hela.

Hofu hiyo siibezi. Familia inayoishi kwa kibarua cha siku hainunui gunia, inanunua kilo moja jioni kwa ajili ya ugali wa jioni hiyo hiyo. Unga ukipanda shilingi mia tatu, mboga inapungua, na ukipanda tena, watoto wanalala na uji. Serikali inayoyaona hayo haiwezi kuambiwa tu ikae pembeni iliachie soko. Tena ni kweli kwamba wanunuzi wa kutoka nje huingia mpaka mashambani, wakanunua mahindi yakiwa bado yamesimama, kwa bei ya mtu mwenye shida ya ada au mgonjwa ndani. Masharti ya mwaka 2023, kwamba anayesafirisha mazao awe na kibali na kampuni iliyosajiliwa nchini, yalizaliwa na malalamiko ya aina hiyo.

Lakini nenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma, mwezi wa saba. Mnunuzi anachoma bambo, chuma cha kutolea sampuli, kwenye gunia, punje zinamiminika kiganjani, anazipuliza, anang'ata moja asikie kama imekauka. Halafu anataja bei. Bei ile hakuipata pale. Anajua Nairobi jana waliuza kwa ngapi, ametoa nauli ya lori, ushuru, wapakiaji, vifungashio na faida yake, na kilichobaki ndicho cha mkulima. Mpaka ukifungwa, hesabu ile inabadilika siku hiyo hiyo. Ama anaiacha Nairobi na kubaki na Dar es Salaam, ambako kila mwenye mahindi naye anakimbilia, ama anaendelea kuvusha kwa njia za panya, na hapo anaongeza kwenye gharama zake hela ya kuwapoza watu njiani na hatari ya kupoteza mzigo wote. Gharama hiyo mpya haitoki mfukoni mwake. Anaikata kwenye bei ya mkulima, na nyingine anampandishia mlaji wa upande wa pili. Mahindi yanavuka vilevile, ila mkulima anapata kidogo, Mkenya analipa zaidi, na fedha ya katikati inaishia vichakani.

Halafu kuna jambo la umbali, ambalo naona halizungumzwi inavyostahili. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kutoka Songea ni zaidi ya 900. Mahindi ya Rukwa yako jirani na Zambia na Kongo kuliko yalivyo na Kariakoo, kama ya Arusha yalivyo jirani na Nairobi. Ukimwambia mkulima wa Rukwa auze ndani, unamwambia alipe nauli ya kuvuka nchi nzima. Kwa hiyo bei inaweza kuporomoka kabisa kijijini kwake huku mlaji wa Dar akiona nafuu ndogo dukani. Mwaka 2018 kilio cha kukosa soko kilisikika Ruvuma, Rukwa na Katavi, mikoa ileile inayolisha nchi.

Tuipige hesabu kwa mfano. Ekari moja ya mahindi hutaka angalau mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya ruzuku ya msimu wa 2022/23, DAP na urea zilikuwa Sh 70,000 kila mfuko wa kilo 50, yaani Sh 140,000 kabla hujahesabu mbegu, palizi na kibarua. Gunia likiuzwa Sh 70,000, magunia mawili yanarudisha mbolea. Likiuzwa Sh 30,000, yanakwenda karibu matano. Mtu aliyevuna magunia kumi na mawili kwenye ekari hiyo amebaki na nini cha kurudisha shambani?

Hapa mtetezi wa zuio ana hoja yake nzito kuliko zote, na lazima tumsikilize: mkulima naye ni mnunuzi. Wengi wenye ekari moja au mbili huuza Julai kwa sababu ya madeni, na ikifika Februari ghala ni tupu, wanashika debe kwenda kununua. Bei ya chini si itawafaa na wao? Ingewafaa kama bei ya Julai na ya Februari zingeshuka pamoja. Lakini mwenye maghala haweki akiba asipojua kesho itatangazwa nini, na mkulima mwenyewe akihifadhi anapambana na dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani. Matokeo yake, hasara ya mavuno anaipata kwa uhakika, na nafuu ya Februari ni ya kubahatisha.

Na mlango huu hufungwa kutoka pande zote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Malori yakakwama, na siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti ya vyeti vya vipimo. Sumukuvu inaua, na kuipima ni haki ya kila nchi. Tatizo ni kufunga kwa siku moja biashara ya watu wengi namna ile. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa kutoka nje, Tanzania ikajibu Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Mahindi angalau yanaweza kusubiri ghalani wakati mawaziri wanazungumza. Ndizi ya Rungwe haisubiri.

Msimamo wangu ni kwamba nchi ikitaka mahindi yabaki ndani, iyanunue. Kazi ya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ni hiyo: kununua kwa bei inayomwacha mkulima na kitu, na kuyatoa sokoni Februari. Lakini hata mradi wa vihenge vipya ulilenga kuufikisha uwezo wake tani 501,000 tu, na mwaka mzuri nchi huvuna zaidi ya tani milioni 6 za mahindi. Serikali haiwezi kununua ziada yote, kwa hiyo inauhitaji mpaka uwe wazi. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia, ilikuwa Serikali ya Tanzania yenyewe, kupitia NFRA, iliyokubali kuiuzia tani 650,000. Kama shida ya jirani ni soko kwa wakala wa serikali, iwe soko kwa mkulima wa Laela, kule Rukwa, pia.

Na siku ikija ambayo kweli mavuno yamekuwa mabaya na lazima tuzuie, isiwe kwa hotuba wakati watu wameshavuna. Tathmini ya mazao hufanyika kila mwaka. Itumike kutangaza mapema, kabla mkulima hajakopa kwa kutegemea bei ya Nairobi, na tangazo liwe na tarehe ya kuanza na ya kwisha, pamoja na bei ambayo NFRA itanunulia mzigo uliozuiwa. Mvua zikianza Novemba, mkulima wa Songea anakaa na mkewe kuamua msimu huu walime ekari tatu au moja. Wanaamua kwa kukumbuka gunia la mwisho waliliuza kwa ngapi, na unga utakaonunuliwa Manzese mwakani unategemea jibu lao.