Chumba Wangu Mzee

Wenzangu usiku wanaangalia mpira. Mimi naangalia majalada ya vitabu. Naingia ghala moja mtandaoni, natokea jingine, nashtuliwa na adhana ya alfajiri. Penguin za 1935, vile vitabu vya Kiingereza vya bei nafuu, nazijua kama bendera: mistari mitatu ya kulala, rangi juu na chini, nyeupe katikati, machungwa ni hadithi, kijani upelelezi, buluu wasifu. Basi mjomba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alipotaka jalada la mashairi aliyomtungia mkewe, Mchumba Wangu Mzee, nikamwambia niachie mimi.

Mtego wa kwanza niliuruka. Ua nililopakua ghalani lilikuwa na upana wa pikseli 600. Kwenye simu linapendeza, lakini uchapaji unataka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo ni inchi 2 tu, urefu wa kiberiti. Nikachora la kwangu. Wa pili ulininasa kidogo: skrini inatoa rangi kwa mwanga, mashine kwa wino wa aina nne, na kijani changu cha kung'aa kikatoka kama mchicha uliolala.

Sasa tatizo la ghala ni kwamba linakuonyesha uso wa kitabu tu. Nikachora mbele saizi ya A5, nyuma A5, nikaunganisha: upana wa 148 mara mbili, milimita 296, na ziada ya 3 kila upande wa kukatwa. Mgongo je? Kurasa 200 ni karatasi 100; za gramu 80 zina unene wa kama milimita 0.1 kila moja. Milimita 10 hizo, sikuziweka. Isitoshe, nilikuwa nimeiga ule mtindo wa kubana jina ukingoni kushoto: MCHUMBA kwa herufi nyembamba, M ya milimita 9, na WANGU MZEE chini, upande wa kulia.

Fundi wa gundi alipoukosa mgongo, akautengeneza. Alipima 148 kuanzia nyuma, akakunja. Akaacha 10, akakunja tena. Mbele zikabaki 138, kisu kikazipunguza na kurasa za ndani zilingane. Angenipigia simu? Angenipigia. Nami ningeomba sampuli ya karatasi, lakini nilishaiona kwenye simu.

Nakala 100. Mjomba akavaa miwani, akatoa ya juu boksini. Mgongoni M peke yake, kama alama ya bweni. Mbele: CHUMBA WANGU MZEE.

"Kumbe mie ni chumba?" mkewe akauliza.

Mjomba hakumsikia. Midomo ilikuwa ikimcheza.

"Chumba... wangu?"

Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akazungushia WANGU, akaandika pembeni: *changu*. Akafikiri. Akazungushia na MZEE: *kikuukuu*. Kisha akavuta nakala ya pili.